Gari Lisilo na Injini Liliendelea Kuvuja Oili

Injini ya gari letu ilikuwa imelala barazani, juu ya tairi kuukuu, imefunikwa shuka.

Gari lenyewe lilikuwa uani, boneti wazi, tumbo tupu. Ukichungulia ndani unaona ardhi.

Na bado asubuhi ile nikakuta doa jipya la oili chini yake.

Nikachuchumaa, nikachovya kidole, nikanusa. Oili kabisa, nyeusi, bado inang'aa.

Nimesoma humu mtandaoni visa vingi vya majini na mauzauza, sijawahi kuamini hata kimoja. Lakini asubuhi ile nilisimama pale uani na kidole changu cheusi, nikajiuliza: gari lisilo na injini linavuja oili kutoka wapi?

Ngoja nianze mwanzo. Nikianzia mwisho mtanionea huruma, na huruma za watu mimi sizitaki.

Mume wangu ni mtu wa kujifanya anajua.

Nasema wazi, wala sinong'oni. Kazini kwao walipopunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Tangu hapo ofisi yake ikawa kochi na simu. Kutwa anaangalia video. Jinsi ya kuchimba kisima. Jinsi ya kufuga nyuki ghorofani. Sisi hatuna ghorofa, na nyuki anawakimbia kama mtoto.

Siku moja akafungua pasi yangu iliyokufa, akaifunga, ikawaka. Mpaka leo sijui ni kwa bahati gani. Kuanzia siku hiyo rafiki yake akawa anamwita Injinia, na yeye akaitikia. Mtu mzima, anaitikia!

Huyo rafiki tunamwita Spana. Msidhani ni fundi. Anaitwa Spana kwa sababu anayo moja.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha mikate, upande wa kufunga. Miaka yote nafunga mikate kwenye mifuko, nikilala naota mifuko. Halafu ikatokea nafasi ya usimamizi wa maduka. Unafika kiwandani alfajiri magari yakipakia, kisha unazunguka duka hadi duka kuangalia mikate imefikaje, nani karudisha, nani analalamika. Cheo. Mtu unaitwa ofisini unakaa kwenye kiti.

Nikafanya usaili. Nikapata.

Meneja akanipa sharti moja tu. "Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao uje na gari lako, likaguliwe getini. Mafuta juu yetu. Bila gari, nafasi naipeleka kwa aliyekufuata."

Aliyenifuata alikuwa dada mmoja wa ofisini, ana gari jipya na mdomo uliobinuka muda wote. Kila tukipishana ananiangalia viatu.

Nikarudi nyumbani na habari yangu. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Redio, akaja kuuliza nani kaposwa.

Huyo ni mama yangu mzazi, naishi naye. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Anatembea, ila mguu unaburuta, na mkono wa kushoto umelala moja kwa moja. Kila asubuhi namwogesha, namvalisha, namfunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, ndipo naenda kufunga mikate.

Mume wangu alipoambiwa, akatoa macho kwenye simu kidogo. "Hongera. Sasa nani atakuwa anapika?"

Nikamwangalia tu. Kuna maswali ukiyajibu unajishusha.

Gari lilikuwepo, kuukuu lakini linatembea. Nilikuwa nimelinunua mimi, yeye akalitolea ushauri. Basi siku chache baada ya vile vigelegele, asubuhi moja tukakuta doa la oili chini yake.

Kesho yake tena. Na kesho yake.

"Seli ya kuzuia oili imekufa," mume wangu akasema, amelala chini, anamulika na simu.

"Seli gani?" nikauliza.

"Mojawapo."

Sasa sikilizeni hapa. Kila asubuhi doa chini. Na kila asubuhi akivuta kile kijiti cha kupimia, oili iko palepale, kwenye alama ya juu. Haijashuka hata kidogo. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, kitu kinavuja kila siku, mbona hakipungui?

Yeye akampigia simu Spana.

Spana akaja, akazunguka gari, akapiga tairi teke. "Shemeji," akaniambia kwa uzito, "hii inaitwa kuvuja kwa ndani."

Doa liko nje, kwenye mchanga, watoto wa jirani wanalichezea kwa vijiti. Yeye anasema kwa ndani.

Mtaniuliza na mimi mbona sikushtuka. Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba najua magari. Mimi najua mikate.

"Tulipeleke gereji," nikasema.

Mume wangu akacheka kile kicheko chake cha puani. "Gereji? Wale unawapelekea ugonjwa mmoja wanakurudishia mitatu. Nitaishusha injini mwenyewe, hapahapa. Nimeona video, jamaa kaishusha peke yake, tena amevaa ndala."

Mama alikuwa amekaa mlangoni, anasikiliza. "Injini ndiyo nini hasa, mkwe wangu?"

"Ni moyo wa gari, mama."

Mama akatazama chini kidogo. "Basi Mungu akutie nguvu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, kama gari ni bovu si uliache tu? Lisije likakuulia njiani."

Nikaona huyu ndiye mwenye mapenzi na mimi. Yule mwingine ana mapenzi na video.

Jumamosi wakaanza.

Wakaazima winchi ya mnyororo, wakaifunga kwenye boriti ya baraza letu. Wakalisukuma gari mpaka pua yake ikaingia chini ya boriti. Wakamwaga oili kwenye dumu, wakaliweka nyuma ya jiko karibu na lile dumu jingine la oili chafu ambalo mume wangu anatunza eti atapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Nguzo zimeshaliwa, dumu lipo.

Wakafungua nyaya, mabomba, rejeta. Kila kinachofunguliwa kinapigwa picha kwanza.

"Picha hizi ndizo akili," mume wangu akasema, anapiga simu busu. "Wakati wa kurudisha unafuata picha tu."

Mama Redio akaja na kigoda chake. Wengine wakasimama ukutani. Mtaa wetu mtu akipanda juu ya paa kurekebisha bati watu wanatoka kuangalia, sembuse injini.

"Vuta!"

Spana akavuta mnyororo. Ukakaza.

"Vuta tena!"

Boriti ikalia. Mimi nikarudi nyuma. Nikamshika Mama nikamsogeza uani.

"Inapanda!" Spana akapiga kelele. "Injinia, inapanda!"

Kweli ilikuwa inapanda. Watu wakashangilia. Mume wangu akajipangusa jasho, akatugeukia kama anataka kuhutubia.

Nikatazama vizuri. Injini ilikuwa inapanda, sawa. Ila na gari nalo lilikuwa linapanda. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameacha ardhi.

Kumbe kuna bolti ya chini inayoshikilia injini, hawakuifungua. Hawakujua kama ipo. Walikuwa wananyanyua gari zima kwa boriti iliyoliwa na mchwa.

"Nyie!" nikapiga ukelele. "Mnanyanyua gari!"

"Mke wangu, tulia, hii ni kawai—"

Boriti ikakatika. Gari likashuka, paa likafuata. Bati mbili zikamdondokea Spana mgongoni, akaenda chini akiita mama yake. Mama Redio alikimbia akaacha kigoda.

Hakufa mtu. Mpaka leo baraza letu lina jicho, mvua ikinyesha tunaweka ndoo.

Baadaye waliifungua ile bolti, wakaazima miti mitatu kwa mjenzi, wakaifunga kileleni, wakaning'iniza winchi hapo, na injini ikatoka. Mume wangu akaizunguka, akaichunguza mbele, nyuma, chini, juu. Akaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki. Mswaki wangu, ndiyo.

Hakuna palipovuja. Kavu kila mahali.

"Imejificha," akasema.

"Nini imejificha?"

"Sehemu inayovuja."

Hapo nilichoka. Niliingia ndani nikakaa kitandani, nikahesabu mambo yangu. Jumatatu inanukia. Gari langu liko vipande. Yule dada wa mdomo wa kubinuka nilimwona ameanza kusuka nywele mpya.

Sasa ndipo ikaja asubuhi ile niliyowaanzia. Gari tumbo tupu, doa chini.

Nilipiga kelele watu wakaja. Spana akaja na bandeji yake mgongoni, Mama Redio akaja. Wote wakainama.

"Hili gari limechezewa," Mama Redio akanong'ona. "Hapa pana mkono wa mtu, shoga yangu."

Mume wangu akatoka. Akalitazama lile doa. Akatazama upande wa jiko. Akaokota tambara na kuanza kufuta.

"Ni mimi," akasema. "Jana jioni nilikuwa nahamisha oili kwenye kopo, ikanimwagikia."

Jamani. Sijui mngekuwa nyie mngefanya nini. Mimi nilipasuka.

"Imekumwagikia!" nikasema mbele ya wote. "Kazini walikuona huna faida wakakutoa. Nyumbani umelala kwenye kochi mpaka kochi limechoka. Umenivunjia baraza, umenifungua gari ninalolitegemea. Sasa hata kushika kopo huwezi? Wewe unaweza nini? Nitajie kitu kimoja unachoweza!"

Spana akaangalia viatu vyake. Mama Redio akaziba mdomo kwa mkono, macho yanacheka.

Mume wangu aliendelea kufuta. Hakujibu kitu. Nikaona, loo, na ulimi pia hana. Siku hiyo akala peke yake, na kulala akalala kwenye kochi.

Lakini mimi si mjinga. Nilikaa nikawaza. Jioni ile mimi nilikuwa uani naanua nguo mpaka giza likaingia, na doa halikuwepo. Yeye hakutoka nje kabisa. Basi kadanganya. Na kwa nini mtu adanganye?

Nikaunganisha. Nani anafaidika nisipokwenda kazi mpya? Yule aliyeuliza nani atapika. Kumbe hajui magari ni geresha! Anamimina oili mwenyewe, anajifanya kutengeneza, siku zinakwenda, Jumatatu inapita, mke anabaki jikoni.

Nikasema, bwana mkubwa, nitakushika na kopo mkononi.

Alfajiri nikaamka, nikasimama nyuma ya mlango wa jiko. Nilikuwa na mwiko. Sikuuchukua kwa ajili ya kupika.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa polepole. Nikasikia hatua. Hatua moja, halafu kitu kinaburuta. Hatua moja, kinaburuta.

Moyo wangu ulijua kabla ya macho.

Mama alikuwa anatembea kuelekea kwenye gari, kopo kwenye mkono mmoja unaofanya kazi. Akafika, akainama kwa shida, akajiegemeza kwenye gurudumu, akamimina. Kwa uangalifu, kama anamwagilia mche.

"Mama."

Akashtuka, kopo likaanguka. Tukatazamana.

"Mama, unafanya nini?"

"Gari linavuja, mwanangu. Si unaona?"

"Mama, gari halina injini."

"Najua. Imelala barazani."

"Sasa oili itatokaje?"

Akanitazama, hajaelewa kabisa. "Kwani oili inatoka kwenye injini? Mimi nilidhani inatoka kwenye gari."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Kumbe ni yeye tangu siku ya kwanza. Gari la jirani wa kule mwisho wa mtaa liliwahi kuvuja, likaegeshwa, halikutoka tena. Mama aliona hivyo, akajua ndivyo magari yanavyokufa. Na dumu lilikuwepo nyuma ya jiko.

"Ulipiga vigelegele, Mama," nikasema. "Mbele ya watu."

"Nilifurahi. Wewe ni mwanangu."

"Sasa kwa nini?"

Akaushika ule mkono wake uliolala, akaupakata.

"Utakuwa unaondoka alfajiri," akasema. "Mimi nikiamka, ndani ya nyumba yuko nani? Yuko yeye. Mkojo ukinitoka, yeye. Nguo, yeye. Mkwe wangu anifunge vifungo vya kifuani? Nimwangalie usoni anavyonifunga? Bora nife."

"Ningekuamsha mapema nikuogeshe kabla sijaondoka."

"Hukusema."

"Hukuuliza, Mama!"

"Ningeulizaje? Ungesema nakuzuia."

Mwanga ulikuwa umeanza kutoka. Akanishika bega. "Usimwambie mkwe wangu. Nakuomba. Atanionaje?"

Nikamrudisha ndani, nikamfuta miguu. Halafu nikaenda sebuleni kwenye kochi. Mume wangu alikuwa macho, ameangalia dari.

"Ni Mama," nikamwambia.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jana. Chini kulikuwa na nyayo za oili mpaka mlango wa nyuma. Mguu mmoja wa kawaida, mmoja unaburuta. Nilizifuta kabla hamjaziona."

"Ukaacha nikutukane? Mbele ya Spana? Mbele ya Mama Redio?"

Akajigeuza, akanipa mgongo. "Yule ni mama yako, na kwangu ni mkwe. Ningesema nini mbele za watu? Halafu wewe umenidharau muda mrefu. Siku moja zaidi isingeniua."

Nilisimama pale na mwiko wangu. Niliumia, na nilikasirika kwamba ananiumiza wakati nina hasira naye. Nikatoka bila kusema samahani. Ulimi wangu una ufundi wa kwenda mbele tu.

Wakarudisha injini. Walifanya kazi Jumamosi yote na Jumapili yote, bila utani, bila watazamaji. Kuna mahali nilimsikia Spana anauliza, "Injinia, picha zinasemaje hapa?"

Bolti ikadondoka.

"Picha nilizifuta," mume wangu akasema. "Simu ilijaa. Nilikuwa nataka nafasi ya kupakua video ya jinsi ya kurudisha injini."

Mungu ni shahidi, sikutukana. Niliingia chumbani nikauma mto.

Jumatatu alfajiri nikamwogesha Mama, nikamvalisha, tukafanya yote kwa wakati. Ilikuwa kazi ndogo tu, tungeweza kuizungumza tangu mwanzo tukanywa chai. Nikaingia kwenye gari na viatu vyangu vipya. Mume wangu alisimama pembeni, macho mekundu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

Nikawasha. Likawaka mara moja. Injini ikaunguruma vizuri ajabu, safi, haina tone. Spana akaruka juu. Mume wangu akafumba macho. Nikasema moyoni, leo nitamwomba radhi.

Nikaingiza gia, nikaachia klachi.

Gari halikwenda.

Nikakanyaga mafuta. Likalia kama linapanda mlima, limesimama palepale. Mbele halitaki, nyuma halitaki. Baadaye gereji walituambia sahani ya klachi imewekwa mgongo mbele, tumbo nyuma. Injini nzima ishuke tena.

Nilikodi pikipiki nikaenda hivyohivyo. Meneja akatazama nyuma yangu, barabarani, kana kwamba gari linakuja kwa miguu.

"Liko wapi?"

"Liko nyumbani. Linawaka."

"Linakuja?"

"Linawaka tu."

Hakucheka. Mchana huohuo yule dada wa mdomo wa kubinuka alikabidhiwa nafasi. Mimi nikarudi kwenye mifuko.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa chumbani namvalisha Mama. Mama Redio akaingia bila hodi, kama kawaida yake, akakaa ukingoni mwa kitanda kunipa pole. Pole ya kutafuta habari.

"Shoga, nimesikia. Pole sana. Lakini niambie, lile gari lilikuwa linavuja wapi hasa?"

Mikono yangu ikasimama kwenye kifungo. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, chini ya gari, miguu ya mume wangu ilikuwa imetokeza, na spana yake ilikuwa imeacha kugonga. Alikuwa anasikia.

Nikamwangalia Mama. Nilimpa nafasi. Sikutaka akiri mbele ya Mama Redio, hapana. Angeweza kunyamaza tu. Angeweza kukohoa.

Mama akavuta pumzi. "Muulize huyo fundi wake," akasema. "Mwanangu alikuwa na kazi yake mkononi. Lakini ukiolewa na mzigo, utafanyaje? Unaubeba."

Mama Redio akapiga makofi. "Kabisa! Kabisa, bibi!"

Kutoka chini ya gari sauti ikaja, ya chini, haina kiburi hata kidogo.

"Kweli mama. Nisamehe."

Mama hakutikisika. Akanyoosha kifua mbele nimalizie kumfunga.

Katika maisha yangu nimewadharau watu wengi, na mwenye kadi namba moja nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamdharau mama yangu, tena vidole vyangu vikiwa kwenye blauzi yake. Ilinijia yote kwa mpigo. Na bado nilikuwa namhurumia, hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikaachia. Vifungo vya juu vilikuwa bado wazi.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza. "Hujamaliza."

"Mama Redio atakumalizia," nikasema. "Si ndiye rafiki yako."

Nikatoka nje. Nikapiga magoti kwenye mchanga kando ya gari, kwa sketi yangu ya kazini. Akanyoosha mkono kutoka kule chini, akidhani ni rafiki yake.

"Spana, nipe ile kubwa."

Nikampa. Akaipokea, akaona kucha zangu, akaanza tena kugonga.

Msiniandikie kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo naijua kabla hamjazaliwa, na haikunisaidia. Wala msiniambie mume wangu ni shujaa. Kaweka sahani ya klachi mgongo mbele, kanivunjia baraza, kapigia injini mswaki wangu. Ni mjinga, na hilo silifuti.

Ila mimi niliyekuwa na akili ndiye niliyempigia mtu kelele mbele za watu kwa kosa lisilo lake, nikajiona nimemaliza. Basi chukueni hili moja. Yule wa nyumbani kwako unayemtukana mbele za watu huenda ndiye anayekusitiri. Na anayesitiri hasemi.